Nilivyomshika Mkwe Wangu

Mimi Mbuke simshiki mkwe wangu mkono. Mila ni mila. Boaz, mume wa binti yangu Noela na baba wa mjukuu wangu Asteria, akipita huku, mimi napita kule. Tukilazimika kusemezana namtuma mtu, na mtu asipokuwepo namwambia kuku: "We kuku, mwambie baba Asteria uji uko mlangoni."

Lakini ndiye aliyekuja kunichimbia kisima hapa Songwa. Lambo letu limekauka, huu mwaka wa tatu. Mvua za siku hizi hazina adabu: msimu mzima vumbi, kisha siku mbili zinamwagika zinabeba mpaka mbegu. Noela alishasema, "Mama, maji yakikosekana, tunakuhamishia kwetu Geita." Nihamie Geita, nikawe mgeni uzeeni? Thubutu!

Boaz ni mchimba dhahabu, shimo halimtishi. Alishuka futi arobaini, mwenzake Nasibu akivuta ndoo za udongo. Siku ya tisa udongo ukatoka na unyevunyevu, nikaanza kuimba peke yangu jikoni. Mchana Nasibu akaenda kununua kamba, ile ya kwanza ilikuwa imechakaa. Boaz, king'ang'anizi, akabaki chini anachimba.

Mara nikasikia, "Maji! Maji!" Halafu sauti ikabadilika. "Mama! Udongo unaporomoka!"

Nilikimbia. Alikuwa anapanda kwa vile vitundu vya miguu alivyochonga ukutani, kifua wazi, tope mpaka kwenye kope. Alipokaribia juu, kitundu kikameguka. Akaning'inia kwa mkono mmoja.

Nikatazama pembeni, si ndiyo mila! Kisha nikasema, mila gani hii ya kuzika watu? Nikalala kifudifudi, nikamkamata kwa mikono miwili, nikavuta kama navuta ndama tumboni mwa ng'ombe. Akatoka, tukaangukiana. Nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Kule chini maji yalikuwa yanapanda, machafu kwa udongo, lakini mengi jamani!

Habari haikulala. Kesho yake wazee wanne wakaja kunihukumu kwa kumshika mkwe. Wakakohoa, wakasema nitoe mbuzi wa kusafisha kosa. Nikawaambia mbuzi yupo, chukueni, na mimi nipo, Geita siendi ng'o! Watu wananijua kwa hasira, ila siku hiyo niliitafuta nikaikosa. Ingetoka wapi? Kila mzee alikuwa amekuja na ndoo.