Viatu Nje, Disketi Ndani

Kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, pale ofisi ya mradi wa visima mjini Shinyanga, kulibandikwa karatasi kwa amri ya mratibu, Bwana Athanas: VUA VIATU. MWENYE MAFUA HARUHUSIWI. VIRUSI NI HATARI. Mwaka huo wa tisini na sita kompyuta ilikuwa moja tu ofisi nzima, na Bwana Athanas aliihofia vumbi kuliko alivyowahofia wanawe surua.

Limi, karani wa taipu, alishachoka kumweleza. Sameer, fundi wa duka lililouza ile mashine, alimwambia siku ya kwanza na akarudia mara tatu: ugonjwa wa kompyuta hauji na miguu wala kamasi, unakuja ndani ya disketi za watu. Disketi usiyojua ilikotoka, usiiingize. Basi, hakuna lingine.

"Sameer ni muuza duka, wewe ni karani, mratibu ni mimi," Bwana Athanas alimjibu. Yakaisha hapo.

Sasa Jumatano moja Limi anarudi kutoka posta, anakuta jozi ya viatu vya ngozi mlangoni, vimepangwa kwa adabu zote. Ndani, kwenye kiti chake Limi, kakaa Gregory, broka wa dhahabu kutoka Runzewe, shemeji yake bosi. Soksi nyeupe, jino la dhahabu nje, anacheza karata kwenye skrini ya mradi! Na disketi yake imo ndani ya mashine.

"Kaka, hiyo disketi umeitoa wapi?"

"Kwa jamaa mmoja wa Geita. Ina michezo kumi na minne! Bosi mwenyewe kaniruhusu. Usiwe na wasiwasi, dada, nimeifuta kwa spiriti."

Kwa spiriti! Limi hata kucheka alishindwa. Kabla hajaifikia meza, herufi zilianza kudondoka kwenye skrini, moja moja, zikirundikana chini kama maharage kutoka gunia lililotoboka. Akamsukuma Gregory pembeni, akaitafuta orodha ya vijiji. Haikuwepo. Akaitafuta tena. Hakuna kitu.

Orodha hiyo ilimchukua miezi minane. Vijiji arobaini na vitatu, kuanzia huko Tinde mpaka mpakani mwa wilaya, na kwa kila kijiji imeandikwa wanawake wanatembea muda gani kufuata maji, na watoto wangapi wameharisha mwaka huo. Ilitakiwa Dar es Salaam Ijumaa. Kijiji kisichokuwemo hakichimbiwi kisima, wasubiri mradi mwingine, na nani anajua utakuja lini.

Bwana Athanas aliitwa, akaja kwa soksi, akatazama ule uchafu wa herufi. Akamgeukia nani? Shemeji yake? Thubutu! Akamgeukia Limi.

"Wewe juzi ulikuwa unapiga chafya humu."

Jamani! Limi alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Mtu mzima, mwenye diploma, anaona disketi ya mitaani ya mgeni imo ndani ya mashine, halafu anatafuta mwizi kwenye pua ya karani!

"Mzee, chafya yangu haijaingia kwenye hiyo mashine. Kilichoingia ni hicho hapo."

"Usinijibu. Nakala unayo?"

"Ninayo. Moja tu."

"Iingize, tuchapishe."

"Siingizi. Mashine inaumwa, itaila na hii pia, na hatutabaki na kitu. Twende kwa Sameer, mashine yake ni safi, ndani ya saa moja tunamaliza."

"Kwa Sameer! Mji mzima usikie kwamba ofisi yangu ina virusi? Na Dar wakiuliza nani aliingia humu, niseme nini? Iingize, Limi!"

"Siingizi."

"Dada, mtii mkubwa wako," Gregory akachombeza, bado kajiegemeza kwenye meza.

"Basi kazi huna!" Bwana Athanas alifoka. "Kuanzia leo hii! Andika barua ya kukufukuza."

"Niandike mimi?"

"Sasa nani? Mimi najua kutaipu?"

Haki ya nani tena, ndivyo alivyosema! Limi alimtazama. Aliwaza ada ya shule ya mwanawe Ndaki, akawaza kodi ya chumba, akaogopa kweli. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Aliitumbukiza disketi yenye nakala kifuani ndani ya gauni, akaketi mbele ya mashine kuukuu ya taipu iliyokuwa pembeni, akaingiza karatasi na kaboni.

"Kosa nitaje lipi? Barua ya namna hii haiendi bila kosa."

"Andika kosa lako kama lilivyo!"

Akaandika kama lilivyo. Akaichomoa, akaiweka mbele ya bosi. Bwana Athanas akasoma, midomo ikicheza:

*Unaachishwa kazi kwa sababu, baada ya shemeji yangu Gregory kuingiza disketi ya michezo kwenye kompyuta ya mradi kwa ruhusa yangu na kuiharibu, ulikataa kuingiza humo nakala pekee iliyobaki ya orodha ya vijiji arobaini na vitatu. Nakala: Makao Makuu, Dar es Salaam.*

"Hii... hii ni barua gani?"

"Nionyeshe neno la uongo, mzee, nilifute."

Aliisoma upya, polepole. Gregory sasa alikuwa anatafuta viatu vyake kwa macho.

"Saini ni hapo chini," Limi alisema, akampa kalamu.

Bwana Athanas aliipokea, akaishusha hadi kwenye karatasi. Mwishowe akaiweka mezani.

"Mama Ndaki," alisema kwa sauti ndogo, "huyo Sameer... atakuwepo dukani saa hizi?"

"Yupo. Na tutakwenda wote wawili, mzee. Wewe ndiye utakayemweleza nani ameiharibu."