Mzigo wa Kilo Arobaini na Mbili

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, fundi wa majokofu alifika mbele ya meza ya usajili nje ya uwanja wa shule. Akabandikwa namba thelathini na moja kifuani, akaulizwa apigiwe nani simu akiumia. Alifikiri kidogo, akamtaja kocha wake.

Kwenye ukumbi wa mazoezi walimwita Winchi. Kwa miaka minne alikuwa akitoka kazini moja kwa moja kwenda kunyanyua vyuma. Nyumbani alikuwa na dada yake mkubwa na mama yao, aliyepooza upande wa kushoto, sasa mwaka wa pili. Dada ndiye aliyemwogesha mama, akamlisha, akamgeuza. Winchi alirudi wenzake wameshakula, akachemsha mayai yake sita, akayala amesimama jikoni, akaosha sufuria taratibu asimwamshe mtu. Hakuna aliyemgombeza. Siku nyingine zilipita bila yeye kusema neno ndani ya nyumba ile.

Mashindano yalikuwa ya ridhaa, yenye raundi tatu. Katika kuinua chuma kutoka chini alikuwa wa kwanza. Katika kuvuta gari dogo kwa kamba, wa pili. Ilibaki kubeba gunia la mchanga la kilo arobaini na mbili kwa mita hamsini.

"Hilo si utalibeba kwa kidole?" kocha alisema.

Alipoinama kulishika, gunia lilikuwa mama yake. Alilala chali juu ya mstari wa chokaa, amevaa gauni lake la vifungo vya kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Jua la hapa kali."

Mwamuzi aliita mizani. Mama alipimwa, akatimiza kilo arobaini na mbili kamili. Mwamuzi akafungua kitabu cha kanuni, akaona kwamba kinataja uzito tu. Akapuliza filimbi.

Winchi alinyoosha mgongo, akavuta pumzi, akamshika mama mabegani.

"Si hapo, utanitegua."

Akashika kiunoni. Mama hakusogea hata inchi moja. Akajaribu kwapani, mishipa ya shingo ikamtoka. Asubuhi ile alikuwa ameinua kilo mia moja na themanini.

"Nikushike wapi, mama?"

"Dada yako huanzia magotini," mama alisema. "Halafu sijui anafanyaje. Acha tu, baba, watu wanasubiri."

Muda ukaisha. Dada aliingia kwa lango la nyuma, amevaa kandambili, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa amekuta kitanda kitupu. Alipitisha mkono chini ya magoti ya mama, mwingine mgongoni. Mama akamkumbatia shingo kwa mkono mzima, wakaondoka kupitia uwanjani. Mwamuzi aliwapimia muda kwa mazoea: sekunde thelathini na nane. Haukuhesabiwa kwa kuwa dada hakujisajili.

Winchi alishika nafasi ya saba. Kocha aliketi kando yake kwenye ngazi.

"Umejifunza nini?"

"Sijui kubeba."

"Basi hilo ndilo tulilosahau. Tutaliweka kwenye ratiba."

Wakaliweka. Jumatatu lilishonwa gunia la kilo arobaini na mbili, na Winchi akalibeba kila jioni, akianzia chini yake, mkono mmoja huku, mwingine kule. Ilibidi aongeze saa moja ya mazoezi, hivyo akawa anafika nyumbani taa zimezimwa.

Mwaka uliofuata gunia lilibaki mchanga mwanzo hadi mwisho. Alilifikisha kwa sekunde kumi na tisa, akapewa kikombe. Wengine walipiga picha na watu wao. Yeye alimwomba mpiga picha ampige peke yake, kisha akaondoka.

Alipofika nyumbani, dada alikuwa ameenda dukani. Mama alikuwa amelalia ubavu wa kulia, uso ukutani.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama. Nimekuwa wa kwanza."

"Hongera, baba. Kikombe kiko wapi, nikione?"

Winchi alikuwa amekwisha kukiweka dirishani, upande wa pili wa chumba, penye mwanga mzuri.

"Kipo hapa nyuma yako," alisema. "Utakiona dada akirudi."