Kabla Gati Halijatoka Majini

Graciela alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, nao ni kuuliza. Na Mungu kwa utani wake akamtumbukiza kwenye penzi la Nels Tveit, kijana wa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, wa ukoo ambao nyumba yao ikishika moto na jirani akapita kuwajulia hali, watamjibu, "Si mbaya, na wewe je?"

Ijumaa jioni, wakiwa garini kuelekea kwenye nyumba ya wazazi wa Nels kando ya ziwa, Graciela alimwambia wazi. Nels alikuwa amepata kazi Oregon, mbali magharibi mwa nchi, tangu Julai. Alitakiwa kuhama Oktoba, na alikuwa amemwomba Graciela waoane waende wote. Baba yake alikuwa hajui lolote.

"Jumatatu mnatoa gati majini, sivyo?"

"Ndiyo. Kila Septemba, Sikukuu ya Wafanyakazi. Tukiliacha, ziwa likiganda barafu italivunja."

"Basi sikiliza. Gati likitoka lote na hujamwambia baba yako, Oregon utakwenda peke yako. Sikutishi, Nels. Siwezi kuishi miaka arobaini nikibahatisha moyoni mwako mna nini."

Nels akasema sawa. Kwa watu wa kwao, sawa inaweza kuwa na maana yoyote ile.

Jumamosi baba na mwana walikaa mtumbwini wakivua samaki saa tatu nzima. Graciela akangoja ufukweni, roho juu. Waliporudi aliuliza, "Umesema?" Nels akajibu kwamba samaki hawakuwa wanakula. Jumapili wakachoma mahindi, wakacheza mchezo wa kurusha viatu vya chuma vya farasi kwenye kigingi mpaka Ardis, mama mtu, akawashinda wote, na Nels akapata nafasi nne za kusema. Zote akazitumia kusifu hali ya hewa. Mwanamume mzima, futi sita na ushee!

Kilichomzuia Graciela asipasuke kwa hasira ni kwamba nyumba ile ilikuwa na mambo ya kuchunguza. Jumatatu asubuhi alimkuta Duane, mume wa dada yake Nels, akipanga soksi nene barazani, jozi nne.

"Shemeji, soksi zote hizo za nini?"

"Aa, tahadhari tu."

"Tahadhari ya nini?"

"Ya miguu," akasema Duane, akatoroka.

Jikoni Ardis alikuwa amebandika maji ya moto, na mlangoni ameweka beseni na taulo. "Hili beseni la nani, mama?" "La yeyote, mwanangu. Kahawa?" Graciela akahisi kichwa kinamwasha. Kulikuwa na jambo, na kila mtu alilijua isipokuwa yeye.

Mzee Orville, baba yake Nels, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha kukunja ukingoni mwa maji. Tangu apasuliwe mgongo, miaka kumi na tisa iliyopita, hakuwa ameingia ziwani. Kazi yake ilikuwa kutoa amri. Gati lilikuwa na vipande vinane, na wa kuingia majini kufungua komeo za vile vya mbali huvaa ovaroli ya mpira iliyoungana na buti, inayofika kifuani. Mwaka huu ilikuwa zamu ya mgeni.

"Vaa, shemeji," Duane akamkabidhi ovaroli, macho yakimng'aa. "Ni heshima kubwa hiyo."

"Niliiziba mwenyewe," akasema Orville kutoka kitini. "Kwa gundi ya matairi. Haiingii hata tone."

Graciela akaingia. Maji yalipomfika magotini akahisi kitu cha baridi kwenye kidole gumba. Yalipomfika kiunoni soksi zilikuwa zimelowa chapachapa, na maji yanapanda ndani ya ovaroli bila haya. Akamtazama Duane. Duane alikuwa anapiga mluzi. Akamtazama Nels. Nels aliinama kufungua komeo iliyokwisha kufunguliwa. Hata Ardis pale barazani alikuwa anatazama mawingu, na mbinguni hakukuwa na hata wingu moja. Graciela akavumilia. Wakatoa kipande cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita, na kila alipopiga hatua, miguu ililia chwaka chwaka. Uvumilivu ukamwishia.

"Jamani! Hii kitu inavuja!"

Mluzi ukakatika.

"Inavuja wapi?" akauliza Orville.

"Kote! Nina ziwa la pili humu ndani!"

"Haiwezekani. Duane, wewe umeivaa miaka kumi na mmoja."

Duane akajikuna shingo. "Ina unyevunyevu, Mzee."

"Unyevu kiasi gani?"

"Kama... mpaka magotini."

"Ardis! Si wewe uliyeivaa kabla yake?"

"Ndiyo, mpenzi."

"Ilikuwa inavuja?"

"Kila mwaka."

"Mbona hamkununua nyingine?"

"Tungenunua ungejua," akasema Ardis. "Na uliiziba kwa mikono yako."

Nawaambieni, miaka kumi na tisa! Watu wazima wanaona afadhali walowe miguu, waandae soksi na mabeseni, kuliko kumwambia mzee mmoja maneno mawili.

Orville akasimama. "Vua, binti. Nipe."

"Mgongo wako!" Ardis akapiga kelele, lakini Graciela alishatoka majini na kuivua, na mzee ameshaishika ovaroli. Akaivaa polepole, akiegemea bega la Graciela, akaingia ziwani mpaka kiunoni, akasimama pale akiwa ameshika gati.

"Inavuja," akasema hatimaye, kwa mshangao mtupu. Kisha akawageukia wote, na usoni hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua. "Kuna kitu gani kingine hamniambii?"

"Kahawa, Mzee," Duane akabwatuka. "Ni maji matupu."

"Kahawa napika mimi," akasema Ardis.

Duane akatamani ziwa limmeze. Graciela angecheka, lakini alikuwa anamtazama Nels. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, Oregon, Oktoba, yote. Akaubana ulimi kwa meno. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko gati zima.

"Baba," akasema Nels. Akainuka kutoka kwenye komeo. "Baba, nimepata kazi Oregon. Tunahama Oktoba. Yaani, mimi nahama."

"Umejua tangu lini?"

"Julai."

"Imeniuma," akasema Orville. "Imeniuma sana, Nels."

Ardis akajiziba mdomo. Katika miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kwa mumewe, hata siku ya kupasuliwa mgongo. Nels naye machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Niliogopa, Baba."

"Uliogopa nini?"

"Uso wako. Huo uliokuwa nao sasa hivi."

"Binti, uso wangu una nini?"

"Una huzuni, Mzee Orville," akasema Graciela.

"Basi ni kweli. Nina huzuni." Akamwita mwanawe kwa mkono. "Njoo huku unieleze. Ni kazi gani? Mtakaa wapi? Kuna baridi huko?"

Nels akaingia majini na viatu vyake, akaenda kusimama karibu na baba yake. Akaeleza, na mzee akauliza, akaeleza tena, na wote wawili wakitetemeka. Ardis aliita mara tatu kwamba watoke. Hakuna aliyemsikiliza.

"Na kwa nini umesema 'mimi nahama'?" akauliza Orville. "Huyu hendi?"

"Muulize mwenyewe, Baba."

Mzee akamgeukia Graciela.

"Naenda," akasema Graciela, akilia na kucheka. "Nilimwambia Ijumaa. Nilimpa mpaka gati litoke majini. Litoke lote hajakwambia, aende peke yake."

Orville akageuka, akahesabu kwa kidole vipande vilivyokuwa bado vimesimama ziwani. Vilikuwa viwili.

"Mungu wangu, Nels," akasema.