Dole Gumba la Fundi

"Mbona siku hizi mumeo anavaa kiatu mguu mmoja?" jirani alimuuliza mke wa fundi cherehani walipokuwa wakianika nguo. "Au kingine kimeibwa?"

Walicheka, lakini swali lile likamganda mke wa fundi kama ruba mpaka ndani.

Mumewe alikuwa amepandisha mguu wa kulia juu ya kigoda. Kiungo cha dole gumba kilikuwa kimevimba, kinang'aa, cha moto. Hata shuka likikigusa alikuwa anaruka.

"Ni kanyagio la cherehani," alisema. "Miaka ishirini nakanyaga, unadhani mchezo?"

Mkewe hakubishana. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Mbona mguu wa kushoto, ambao nao hukanyaga, u mzima? Akachukua chaki ya kukatia nguo, akawa anaweka alama nyuma ya mlango: siku ya kazi, mstari; siku ya maumivu, msalaba.

Miezi miwili ikapita. Dole likatulia, kisha maumivu yakarudi kwa kishindo. Safari hii fundi akakata shauri.

"Jumamosi mdogo wangu anakuja kuchukua cherehani. Mimi nitakaa tu."

Lile "nitakaa tu" lilimtisha mkewe kuliko uvimbe. Mtu asiyejua kutulia bila uzi mkononi akae tu, afanye nini? Ijumaa asubuhi akasali, akajifunga kanga, akaenda kwa nesi wa zahanati.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho. "Anakula nini?"

"Supu ya maini na figo. Nampikia mwenyewe mguu upate nguvu. Ukimuuma sana naongeza bakuli."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, hiyo inafanana na gauti. Kuna asidi kwenye damu. Figo zisipoitoa yote, inaganda kwenye kiungo, ikawa vipunje vyenye ncha kama sindano. Dole gumba ndilo inalolipenda zaidi. Si chakula peke yake, wengine ni maumbile yao. Lakini supu ya maini na figo huiongeza. Mlete nimpime. Dawa zipo."

Jumamosi shemeji alifika na kamba ya kufungia cherehani. Mke wa fundi akausukuma mlango ukajifunga, alama zikaonekana.

"Baba watoto, kabla cherehani haijatoka, tazama hapa. Wiki ile mkanda wa cherehani ulipokatika hukukanyaga siku sita. Mstari hakuna hata mmoja. Misalaba minne!"

Kisha akamweleza yote ya nesi.

"Sindano?" Fundi akainama kulitazama dole lake kama mgeni aliyeingia bila hodi. "Humu ndani?"

"Ndogo, hazionekani."

"Na supu yako ndiyo ilikuwa inazileta."

"Mimi na bakuli langu, Mungu anisamehe."

Shemeji alicheka mpaka kamba ikamdondoka. "Kaka, kumbe umerogwa na supu!"

Fundi hakucheka. Alipitisha kidole kwenye misalaba mmoja mmoja, akarudia ile minne.

"Zahanati wanafunga saa ngapi?"

"Saa sita."

Akavaa kiatu kushoto, ndala kulia. Akaiokota kamba, akaitundika shingoni kwa mdogo wake, akatoka akichechemea, cherehani ikibaki mahali pake.