Kuku wa Ratili Tano

Yuliana alimbana kuku katikati ya magoti, akampanua mdomo kwa kidole gumba, akamsukumia punje ya mahindi. Kuku akameza. Akamsukumia nyingine. Punje alikuwa amezilowesha tangu jana zikavimba, maana iliyolowa ina uzito kuliko kavu, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mizani.

Mwanawe Benedikto alikuwa ameketi ng'ambo ya mafiga, anatazama. Kijana wa miaka ishirini, mabega yamechongoka. Jana yake alikuwa amekula mchicha wa porini, umechemshwa bila chumvi. Kila kuku alipomeza, koo lake nalo lilipanda na kushuka.

"Mama, hiyo si mbegu?"

"Ndiyo mbegu."

"Tutapanda nini?"

"Wewe ukichukuliwa, atapanda nani?" Yuliana akasukuma punje nyingine. "Nyamaza, usimshtue akatapika."

Vita vya Wazungu vilikuwa katika mwaka wa pili. Mahindi ya milima ya Uluguru yalikwisha kuteremshwa Morogoro kulisha jeshi, na amri ilikuwa kwamba atakayekutwa na hata konzi moja atalala chini apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Baada ya mahindi wakaanza kuteremshwa wanaume, wabebe mizigo. Petro, kaka yake Yuliana na mkubwa wa ukoo wao, aliondoka na gunia kichwani msimu wa mavuno. Hata habari ya kaburi lake haikurudi. Katika nyumba ile ya mama yao, mwanamume aliyebaki ni Benedikto peke yake.

Basi, kana kwamba watu hawajachoka, vikaja vifaranga. Bwana mkubwa wa boma na wenzake walikuwa wamechoshwa na kuku wa mlimani. Mifupa mitupu, walisema. Wakaleta kijijini vifaranga vyeupe vya kizungu, kila nyumba kimoja, na karani wa boma, Stambuli, mtu wa pwani mwenye kanzu isiyojua vumbi, akasimama mbele ya nyumba ya Jumbe Salehe akasoma amri. Konzi mbili za mahindi asubuhi, konzi mbili jioni, na mifupa iliyosagwa. Miezi minne. Nyumba ambayo kuku wake atafika ratili tano itapewa cheti, na mwanamume wake hataguswa. Isiyofikisha, mwanamume wake ataondoka siku hiyohiyo ya mizani.

"Mahindi gani, karani?" mtu mmoja akauliza.

Stambuli akakunja karatasi. "Swali hilo halimo humu."

Watu wakalisha pumba. Wangefanyaje? Kuku wakajaa matumbo kwa pumba, vidari vikabaki vikali, ukimshika unahisi mfupa. Yuliana yeye alijua jambo ambalo nyanya yake alikuwa akilirudia mpaka linakera: kifaranga hakui kwa kushiba, hukua kwa wadudu. Kila jioni alijaza chungu samadi ya mbuzi na majani makavu, akakifudikiza juu ya tundu la kichuguu. Alfajiri akakifunua, kimejaa mchwa. Miguu ya kifaranga ilipoanza kupinda, akamsagia makome ya konokono na kumweka juani. Akamfungia ndani ya kitundu kidogo asitembee, kwani kuku atembeaye hutembeza nyama yake. Jirani yake Theresia alipouliza siri ya kuku yule, Yuliana alimwambia ni bahati tu. Vichuguu vya karibu vilikuwa vitatu tu, havingetosha wote. Aliona haya kusema vile, lakini alisema.

Mwezi wa nne kuku alikuwa mzito mpaka kusimama hawezi. Alikaa tu, kifua chini, anahema. Hapo tena watu wakamwambia Yuliana kwamba kuku akishuka mpaka mjini, kwa jua na kwa kinyesi cha njiani, hupoteza nusu ratili nzima. Nusu ratili! Akaenda darini akashusha muhindi mmoja wa mbegu, uliokuwa umefichwa mle kwenye moshi wa jiko. Kila nyumba kijijini ilikuwa na mmoja au miwili. Nani angekaa bila mbegu?

Walishuka wote pamoja, nyumba kumi na tisa, kila mwanamume na kuku wake kwapani. Mizani ilikuwa imetundikwa uani mwa boma. Bwana mkubwa alikaa mezani, kofia pembeni, na Stambuli akawa anasoma uzito. Mbili na nusu. Tatu kasoro. Mbili. Kila kuku aliyepungua alitupwa ndani ya tenga, na mwenyewe akaungwa kwenye kamba iliyokuwa imeshikwa na askari. Mume wa Theresia alikuwa wa kumi na nane. Theresia hakulia, alikaa chini tu, pale pale alipokuwa amesimama.

"Yuliana binti Agustino."

Kuku akatundikwa. Mshale ukashuka, ukapita tano.

"Tano na robo," Stambuli akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na mshangao.

Benedikto akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kucheka. Bwana mkubwa akainuka, akamshika kuku kidari, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akawatazama wale waliofungwa kamba, akamtazama tena kuku.

"Huyu kula nini?" akauliza.

"Mchwa, bwana."

Bwana akamgeukia karani. Stambuli akamfafanulia kwa Kizungu, na Bwana akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Bwana anasema," Stambuli akatafsiri, "kitabu chake kinajua kuku hunenepa kwa nini. Nyumba kumi na nane zimekonda, yako moja imenona. Sema kweli, mama. Mahindi yako wapi?"

"Haki ya Mungu, karani, mchwa! Naweka chungu juu ya kichuguu..."

"Mchinjeni," Bwana akasema.

Askari alimkata shingo hapohapo mezani. Stambuli akakunja mikono ya kanzu, akachukua kisu kidogo, akapasua gole, kile kifuko cha shingoni kinachopokea chakula kwanza. Punje zikamwagika juu ya meza. Nyeupe, nzima, zimevimba kwa maji. Hakukuwa na mchwa hata mmoja. Wa jana walikwisha kuwa nyama.

Lo! Mahindi!

"Ni leo tu," Yuliana akasema. "Asubuhi ya leo tu, bwana. Nilitaka azidi uzito. Miezi minne yote hajala hata punje."

"Leo tu," Stambuli akarudia polepole. Akazikusanya punje kwa ncha ya kisu, asichafue vidole.

"Karani, karatasi yako si ilisema mahindi? Wewe mwenyewe uliisoma!"

"Karatasi ilisema umlishe mahindi. Haikusema uwe nayo."

Bwana mkubwa alikuwa tayari anasema na askari. Watu kumi wapande mlimani sasa hivi, wapekue kila dari na kila jiko, kwani penye muhindi mmoja pana magunia. Jumbe Salehe atangulie kuonyesha nyumba. Jumbe alipopita karibu na Yuliana alisimama.

"Mama Benedikto, si ungesema pumba? Watu wote wamesema pumba! Sasa mbegu za kijiji kizima, jamani. Watoto watapanda nini?"

"Nilisema kweli, Jumbe."

"Kweli! Nani kakuuliza kweli?"

Akaondoka na askari. Yuliana akamgeukia karani, akamshika kanzu. Kwa hasira na kwa hofu alikuwa hajui tena anachofanya.

"Nipe cheti changu. Kuku amefika ratili tano. Umesema mwenyewe, tano na robo."

Stambuli akaitoa kanzu mkononi mwake, akaikung'uta. "Cheti ni cha kuku wa halali. Huyu amelishwa mali ya serikali. Shukuru Mungu viboko umesamehewa."

Yule kuku akapelekwa jikoni. Benedikto akaungwa kwenye kamba, nyuma ya mume wa Theresia, na Theresia akamtazama Yuliana. Wakagawiwa mizigo: risasi, vitanda vya mabwana, sanduku za dawa. Ilipofika zamu ya Benedikto, Stambuli alinong'ona na Bwana, akarudi anatabasamu.

"Wewe ni mwana wa mfugaji hodari. Utabeba kuku."

Wakamtwika lile tenga lenye kuku kumi na wanane. Akaambiwa posho: kila kuku konzi mbili asubuhi na mbili jioni, mpagazi, konzi tatu kwa siku. Wakifika kambini Kisaki kuku watapimwa. Kila atakayekuwa amepungua, hamsa ishirini.

Yuliana alijipenyeza mpaka kando ya mstari. Alitaka kumwambia mwanawe maneno ya mama, amwombee, amfanyie ishara ya msalaba. Yaliyomtoka yakawa mengine.

"Pindua magogo, mwanangu. Pindua mawe. Mkilala penye kichuguu, omba chungu, weka samadi na majani, fudikiza juu ya tundu. Alfajiri utakuta mchwa."

"Nikiwapata," Benedikto akauliza, "nile mimi, au niwape?"

Yuliana akafungua mdomo. Kamba ikavutwa, mstari ukaondoka, kuku wakapiga kelele ndani ya tenga. Akawafuata kwa mbio mpaka askari alipomzuia kwa kitako cha bunduki.

"Mama!" sauti ikaja kutoka mbele, penye kona ya barabara, Benedikto hakuweza kugeuza shingo kwa sababu ya mzigo. "Mama, hujasema! Nile, au niwape?"