Masufuria Hayajioshi

Binti yangu ni mchekeshaji. Siku hizi naweza kulisema hilo bila kushusha sauti. Mimi ni mtunza stoo wa hospitali, nina diploma ya kazi hiyo, na kwangu kitu ama kipo ama hakipo. Kwa hiyo tulikubaliana: Jumapili alasiri anajaribiwa kwenye jukwaa la ukumbi wa vichekesho. Akichaguliwa, kila Jumamosi anapanda pale, nami nafunga mdomo. Akikosa, Jumatatu anaanza ukarani stoo kwangu.

Mazoezi aliyafanyia jikoni, mwiko mkononi badala ya maiki, mimi nikimenya vitunguu.

"Mama yangu ana diploma ya stoo," anaanza. "Nilipozaliwa alinigeuzageuza, akamwambia nesi: nimepokea, ila mzigo una kasoro ndogo. Mpaka leo anangoja abadilishiwe."

Kisha: "Mama huyu hajawahi kusikiliza neno langu hata moja."

Hapo mimi, kila mara, bila kuinua kichwa: "Nakusikia. Masufuria hayajioshi."

Naye huvigeukia vitunguu kana kwamba ni watu waliolipa kiingilio: "Mnamwona?" Halafu huyo, anateremka na vichekesho vyake mpaka mwisho kama gari lisilo na breki. Hatukuona ubaya wowote. Mimi nilikuwa nataka masufuria yaoshwe, basi.

Jumapili, mlangoni pa ukumbi, akanishika mkono.

"Mama, nakuomba. Usikohoe, usinisahihishe, usiseme chochote."

"Hata nikiungua?"

"Ungua kimyakimya."

Nikakaa safu ya tatu. Mwenye ukumbi, ambaye wachekeshaji wanamwita Sura ya Kodi kwa kuwa hajawahi kuonekana akicheka, alikuwa mbele na tochi yake nyekundu. Akiiwasha, muda wako umekwisha, ushuke.

Binti yangu alianza vizuri. Kwenye kasoro ndogo watu walicheka mpaka jirani yangu akajimwagia soda. Sura ya Kodi aligusa kidevu. Kisha binti yangu akasema, "Mama huyu hajawahi kusikiliza neno langu hata moja," akageuza shingo kidogo kushoto, upande ninaokaa mimi jikoni.

Akangoja.

Nilielewa kabla yake. Alikuwa ananingoja mimi. Bila kujua, alikuwa amenitengea nafasi katikati ya maneno yake, na sasa nafasi ilikuwa tupu. Wachache walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Akafungua mdomo, akaufunga. Angesemaje "Mnamwona?" na hakuna wa kuonwa?

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Nikiyasema, nimevunja ahadi, na ukumbi mzima utajua amekuja na mama wa kumshikilia. Nisipoyasema, anazama. Nikauma ulimi. Mtu akakohoa, kiti kikalia. Akairudia sentensi ile polepole, macho yakitafuta gizani. Taa za jukwaani zilikuwa zinampiga usoni, hakuniona.

Tochi ikawaka.

Tulirudi kwa miguu, jua bado lipo.

"Miaka yote nakuomba unyamaze, hujawahi," alisema. "Leo ndiyo umeweza."

"Si uliniambia niungue kimyakimya?"

"Najua." Tukapita duka la viatu, tukapita la simu. "Mama, ulitaka nikose?"

"Sikutaka."

"Sawa," akasema, kwa sauti ambayo makarani wangu hunijibu nayo.

Nikamwambia basi tuiache hiyo Jumatatu, ajaribu kwingine, nitampa nafasi. Hakunitazama.

"Makubaliano ni makubaliano. Si ndivyo unavyosema?"

Ndivyo ninavyosema.

Nyumbani alivua viatu, akakunja mikono ya shati, akaingia jikoni. Nilimsikia akiosha masufuria, moja baada ya jingine, bila kuambiwa. Nilisimama mlangoni nikitafuta neno la kumkatiza, nisilipate.