Gari la Ezekieli Kwenye Uwanja wa Ottilia

Mektilda alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja na kutoa punje zilizopasuka, gari la Ezekieli lilipotua kwenye uwanja wa wifi yake. Lilikuja taratibu kutoka upande wa ziwa, likazunguka mara moja juu ya migomba, likakaa. Upepo wake ulinyanyua karibu nusu ya kahawa na kuimwaga ng'ambo ya ua wa matete, kwa Ottilia. Mektilda aliangalia kahawa yake ilipoangukia, kisha akaangalia gari. Alichowaza ni kwamba, kati ya viwanja vyote vya kijiji cha Mapera, limechagua pale.

Hakuna aliyeuliza ni gari gani. Jumuiya nzima ilikuwa imeshafundishwa. Katekista wao, Othmar, alikuwa utingo wa malori kabla hajaitwa kwenye kazi ya Mungu, na Maandiko aliyasoma kiutingo. Kila Alhamisi aliwaeleza kwamba alichokiona nabii Ezekieli kando ya mto hakikuwa ndoto. Lilikuwa gari. Gurudumu ndani ya gurudumu ni tairi za nyuma, zile zinazofungwa mbilimbili. Macho yaliyozunguka magurudumu ni taa. Wale viumbe wenye uso wa mtu, wa simba, wa ng'ombe na wa tai ni dereva, fundi, utingo na karani wa mizigo, na kama kuna anayeona nyuso hizo ni ajabu, akaangalie malori yanayopita Mbinga yamechorwa nini mbavuni. Baragumu la Sinai lilikuwa honi. Musa aliwakataza watu wasisogelee mlima kwa sababu ileile inayomfanya utingo awafukuze watoto nyuma ya lori linalorudi kinyumenyume. Eliya alipewa lifti tu. Mama mmoja aliwahi kumwuliza kama Mungu mwenye enzi yote anahitaji gari kweli. Othmar akamjibu kwamba hata askofu ana miguu mizima, na bado anakuja na gari.

Kwa hiyo siku ile Othmar alitafuta mawe mawili makubwa, akaenda kukingia tairi zisiserereke.

Mektilda alizunguka ua kwenda kuchukua kahawa yake. Alikuta Ottilia ameshaifagia na kuichanganya na ya kwake. Maneno yalikuwa machache na makali, wakapelekana kwa Salvatory, kaka yake Ottilia, mkubwa wa ukoo. Salvatory alisikiliza huku akichonga mpini wa jembe. Akaamua kwamba kitu kikidondoka kwenye uwanja wa mtu, ni cha mwenye uwanja.

Na uwanja ule aliutengeneza Mektilda mwenyewe.

Milima ya kule haina tambarare. Watu wanalima ngolo, yale mashimo yanayopangwa mteremko mzima kama sega la nyuki ili mvua isiondoke na udongo. Mektilda alitoka Mbaha, chini ziwani, ambako mtu akiweka sufuria mchangani inakaa. Alipoolewa na Pankras akakuta kwamba huku juu sufuria ikikuponyoka unaifuata mtoni. Akasema anataka mahali pamoja tu palipo sawa, pa kuanikia kahawa na pa mtoto kuchezea. Pankras alikuwa na kifua kibovu. Mektilda akashika jembe na karai, akaukata mlima akiwa na mimba ya Glorious, akaendelea kuukata Glorious akiwa mgongoni, mpaka pakawa sawa kama meza. Pankras alipofariki ukoo ulikaa. Ottilia alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa yake, hana pa kukaa. Salvatory akasema uwanja apewe Ottilia kwa sababu yeye ni mwenyeji, amezaliwa pale. Mektilda ni mgeni, alikuja kuolewa. Wakampa mteremko wa chini, akajenga kichanja chenye miguu mirefu upande mmoja na mifupi upande mwingine.

Aliyameza yote hayo. Gari ndilo lililomkaa kooni.

Lilianza kuja mara kwa mara, na Ottilia, kama mwenyeji, akapewa kiti cha mbele. Asubuhi anapanda, wanamshusha Mbamba Bay, jioni yupo uwanjani kwake na ndoo ya usipa mbichi, wale dagaa wa ziwani, wakati wenzake wanasubiri hiace iliyokwama kwenye kona. Akirudi, nywele zake zilinukia mvua ambayo haijanyesha. Alikuwa anasimama kwenye ua na kusimulia.

"Baridi ya kule juu, wifi, inaingia mpaka kwenye meno. Wewe hutaiweza."

"Kaanga samaki wako," Mektilda alimjibu.

Na Ottilia alikaanga. Harufu ilivuka matete na kuingia jikoni kwa Mektilda. Usipa wa kwao, kutoka maji ya kwao, unaunguzwa na mtu wa milimani asiyejua hata kuuosha mchanga. Mektilda alikula ugali na maharage bila kuhisi ladha. Alikwenda kuungama wivu. Padre alimpa sala za kitubio, naye alizisali zote akiwa ameuangalia ule ua.

Kisha akafanya jambo ambalo baadaye lilimkera kuliko wivu wenyewe. Alifukia mashimo ya ngolo, shamba zima la juu ya nyumba, akakanyagia udongo, akapanga mawe kuzunguka na kuyapaka chokaa. Alhamisi iliyofuata gari lilipita juu ya mawe yale, likapunguza mwendo, akawaona kabisa wakichungulia. Likaendelea kwa Ottilia. Fundi, yule mwenye uso wa simba, alimweleza Othmar kwamba pale bado pameinama, breki ya mkono haitashika. Mvua za kwanza zilipoanza, udongo wote aliousawazisha ukashuka mtoni, na maharage ya mwaka ule hakuyapata.

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno ya kahawa, wale wa kwenye gari waliomba kuonana na jumuiya. Watu wakakusanyika uwanjani kwa Ottilia, akina mama wamekaa kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi ya kanisani. Mektilda alisimama nje ya ua, kwenye kichanja chake, mikono ikiendelea kuchambua. Aliyezungumza ni utingo, mwenye uso wa ng'ombe. Alikuwa na sauti ya upole na Kiswahili cha shule. Alisema wamezunguka sana, na sehemu nyingi wanalazimika kubaki hewani. Hapa wametua salama. Wangependa kumshukuru aliyepatengeneza.

"Nani alipasawazisha?" aliuliza.

Mikono ya Mektilda ilisimama. Pale uwanjani hapakuwa na mtu mzima ambaye hakuwahi kumwona na karai kichwani. Baadhi walikuwa wamemletea maji ya kunywa. Akina mama waliangalia mikeka. Othmar, aliyemsaidia kubeba mawe ya ukingo miaka ile, aliinama akaanza kukagua tairi.

"Huu ni uwanja wa ukoo," alisema Salvatory. "Mwenyeji ni dada yangu, Ottilia."

"Na yule mama pale nje?"

"Yule ni mgeni. Alikuja kuolewa."

Utingo alitikisa masikio yake, inzi wakaruka.

"Mgeni, kama sisi," alisema. "Basi leo apande yeye. Mwenyeji yupo kwake."

Ottilia alikuwa ameshashika mlango wa gari. Aliuachia. Mektilda alifunga kanga vizuri, akazunguka ua, akapita katikati ya mikeka bila kumsalimu mtu. Kiti cha mbele kilikuwa na mkungu wa ndizi ambao Ottilia aliuweka mapema kushika nafasi. Hakuna aliyeutoa. Mektilda akakaa nyuma, juu ya tairi ya akiba.

Kule juu palikuwa na baridi kweli, na aliiweza. Aliona milima yote imechimbwa ngolo, shimo na shimo, mpaka Mbinga. Aliona ziwa, na Mbaha, na bati la nyumba aliyozaliwa. Alipogeuka akaona kitu kidogo kimoja kilicho sawa katikati ya miteremko yote, chekundu, kama sahani iliyosahaulika mlimani. Hakikuhitaji kuelezwa. Mtu yeyote mwenye macho angekiona, na gari lile lilikuwa na macho pande zote.

"Mnapaona pale," alisema.

"Tunapaona kila tukija," alisema dereva, mwenye uso wa mtu. Hakugeuka.

"Basi mnajua nani alipachimba."

"Tunajua, mama. Tulikuwa tunakuona. Ulikuwa na mtoto mgongoni."

Dereva alipangusa kioo kwa kitambaa.

"Sasa mtawaambia lini?" aliuliza Mektilda.

"Mama," alisema dereva, kwa heshima kabisa, "sisi ni usafiri."

Walimzungusha juu ya ziwa, wakamrudisha. Gari likatua palepale, laini, bila hata kuyumba. Jumuiya ilikuwa imeshatawanyika. Othmar aliweka mawe yake. Ottilia alikuwa amesimama mahali walipomwacha, mikono kiunoni.

"Umekaa wapi?" aliuliza.

"Mbele," alisema Mektilda.

"Na ndizi zangu?"

"Nilizipakata."

Ottilia aliingiza mkono garini. Aliuchukua mkungu wake, akaukagua upande huu na upande ule, na Mektilda akaona usoni mwake kijicho kilekile alichokuwa anakula nacho yeye ugali mwaka mzima. Kilimfurahisha kwa muda wa kutoka garini mpaka kwenye wigo. Alipofika nje, Ottilia alifunga mlango wa matete nyuma yake na kuukaza kwa kamba.

Mektilda alifuata njia ya chini, inayozunguka. Alikuwa bado njiani gari liliponyanyuka, na alipofika kwenye kichanja chake kilichoinama, upepo ulikuwa umeshapita na kahawa. Akapiga magoti, akaanza kuokota punje zilizobaki upande wake. Ng'ambo ya ua, fagio la Ottilia lilikuwa limeshaanza.